Mpaka Kuku Apite Chini

Baba yangu hakuwa mtu wa fimbo. Fimbo, alisema, ni ya walimu na wachunga ng'ombe. Yeye alifinya. Alikamata nyama laini ya juu ya mkono, kati ya kidole gumba na vidole viwili, akabana, kisha akazungusha taratibu kama mtu anayefunga bomba la maji. Alipenda zaidi kufanya hivyo kanisani, kule kijijini kwetu Ntobeye, Ngara, kwa sababu kanisani huwezi kupiga kelele. Padri anahubiri upendo, sisi tumekaa benchi moja, tumenyooka na tumepaka mafuta, na vidole vya baba vinafanya kazi yao chini ya koti. Mama naye alifinywa. Machozi yalimtoka wakati wa wimbo wa matoleo, na majirani wakasema yule mama ana ibada sana.

Vidole vile vilijulikana kijijini. Baba alichomoa misumari kwenye mbao bila nyundo. Alikuwa anaweza kushika debe tupu kwa ukingo wake na kulikunja huku anaongea nawe habari za mvua. "Kidole kimoja hakivunji chawa," alipenda kusema, akiinua gumba na cha shahada, na sisi watoto wake wawili tulijua chawa ni nani.

Nyumbani kulikuwa na jiwe la kusagia. Lilikuwa la mama. Lilikuwa bapa na pana, limelika katikati kwa miaka ya ulezi na mtama, na juu yake alikaa mtoto wake, lile jiwe dogo ambalo msagaji hulisukuma kwa mikono miwili. Mashine ilipofika kijijini, mama aliendelea kusaga ulezi wa uji kwenye jiwe lake, akisema unga wa mashine unanuka dizeli. Lakini kila Krismasi, pombe ya ndizi ikishazunguka, baba alilichukua lile jiwe la chini, akalisimamisha kwa ubavu kwenye ukuta wa jiko, akawaita wanaume. Sharti lilijulikana. Mkono mmoja, kutoka juu, vidole upande huu na gumba upande ule. Hakuna kutia kiganja chini, hakuna kulikumbatia. Ulinyanyue mpaka kuku apite chini.

Babu aliliweza. Baba aliliweza, na kwa jiwe hilo, alidai, ndivyo alivyowashinda ndugu zake akapewa kibanja: nyumba, migomba inayoizunguka, na pembe ya shamba ambamo watu wetu wamezikwa. Kama ni kweli sijui. Baba zangu wadogo walikuja Krismasi, wakanywa, hawakusema kitu.

"Mtoto wangu atakayelinyanyua, kibanja ni chake," alitangaza kila mwaka. Na alitangaza kwa Kiswahili. Hili nalieleza kwa sababu ndilo lililoniponza. Nyumbani tulisema Kihangaza. Kwa Kihangaza baba alitukana, alidanganya, aliahidi viatu ambavyo havikuja. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya wageni, mwenyekiti wa kijiji na hukumu. Akishasema jambo kwa Kiswahili mbele za watu, alikaa wima kama hakimu, na jambo lilikuwa limekwisha. Nilikuwa sijawahi kumsikia akidanganya kwa Kiswahili.

Mdogo wangu wa kiume hakuligusa jiwe hata mara moja. Alisema litamuumiza mgongo, na baba akacheka, akampa mrija wa pombe. Krismasi iliyofuata kifo cha mama, tulipokwisha kumzika pale kwenye migomba upande wa jikoni, niliuliza mbele ya wote: "Hata mimi, baba?"

Wanaume walicheka. Baba hakucheka. Alinitazama mikono, akasema kwa Kiswahili chake cha hukumu: "Hata wewe, binti yangu. Harafu hata mbuzi, kama ataweza."

Nikaamini. Nilitaka kibanja kile, sitaficha, na sikukitaka kwa ajili ya ndizi. Nilitaka mahali alipolala mama. Kikienda kwa mdogo wangu, nitakuwa mgeni kwenye kaburi la mama yangu, wa kupiga hodi na kusubiri mke wa mtu anikaribishe. Nikajaribu jiwe siku ile ile. Halikutikisika. Vidole vyangu viliteleza juu yake kama vimepakwa sabuni, na baba akasema kwamba mbuzi angefanya vizuri zaidi, maana mbuzi ana kwato.

Nikaenda Nyakanazi kutafuta kazi, nikapata kwenye banda la chakula pale njia panda, malori yanapolala kabla ya kwenda Rwanda au Burundi. Mwenye banda alikuwa mama mnene mwenye roho ngumu, na namshukuru mpaka leo kwa ugumu huo. Sufuria zake hazikuwa na masikio. Sufuria zima la maharage ya malori linatolewa motoni kwa kubana ukingo, vidole nje, gumba ndani, na kipande cha boksi katikati ili usiungue sana. Utaungua tu. Aliyemwaga maharage hakula siku hiyo. Wasichana wengi walikimbia. Mimi nilimwaga mara ya kwanza, nikalala na njaa, na kulipokucha nikaomba niachiwe sufuria zote.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kwamba nguvu ya kubana si nguvu ya mkono. Watu wenye mikono kama magogo walikuja, makuli wa kupakia mahindi, wakashindwa kushika nilichoshika. Vidole vinne ni vingi lakini gumba ni moja, na mzigo unaanguka pale gumba linapochoka. Kwa hiyo nililifunza gumba. Nilibeba ndoo za maji kwa ukingo, si kwa vishikio. Nilishika matofali ya kuchoma kwa juu, moja kila mkono, nikatembea nayo nyuma ya banda hadi choo na kurudi. Yalipokuwa mepesi niliyalowanisha. Fundi mmoja wa gereji alinipa pleti mbili kuukuu za klachi ya lori. Nikazifunga pamoja kwa waya na kuzipaka majivu zisiteleze, nikawa nazinyanyua wakati maharage yanachemka. Baadaye nikaacha kuzipaka majivu. Baadaye nikazipaka mafuta.

Fundi yule ndiye aliyenikataza kufanya kila siku. Gumba lilikuwa limevimba pale linapokutana na kiganja, siwezi hata kufunga kifungo. "Dada, hiyo siyo springi," aliniambia. "Hata springi inachoka. Iache ipoe." Niliiacha kwa shida, nikiwa na hasira na mwili wangu, kisha nikaona kwamba baada ya kupumzika nilirudi na nguvu zaidi. Ngozi ilipasuka, ikaota nyingine ngumu. Miaka ikapita hivyo, kwa tofali na sufuria, nguvu ikiongezeka kidogo sana, miezi mingine isiongezeke kabisa. Madereva walikuja kunijua. Waliniletea vitu vya kunijaribu, jiwe la mizani, kipande cha reli, wakaweka soda, nikanywa soda zao. Nilipata mwanamume, akaondoka. Aliwaambia watu kwamba kushikwa na mimi ni sawa na kushikwa na koleo. Sikumlaumu, nilikuwa nimesahau kushika kitu polepole.

Kila Krismasi nilipanda basi hadi Ngara na kulijaribu jiwe. Mwaka mmoja lilitikisika. Mwaka mwingine liliinuka upande mmoja, likanirudia mguuni, na kucha ya dole gumba la mguu ikatoka. Baba alitazama damu, akaomba wageni wasogeze viti. Hakusema tena habari za mbuzi. Niliona alivyonyamaza, nikajua anaogopa, na hofu yake ilinipendeza kuliko Krismasi yenyewe.

Mwaka nilioliweza haukuwa na miujiza. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitika, "Marahaba," nikavua kandambili, nikainama. Gumba upande ule, vidole upande huu, kiwiko karibu na ubavu. Jiwe likaja juu. Kuku hakupita, kwa sababu kuku hafanyi kazi kwa kuambiwa, mpaka baba mdogo mmoja, nadhani kwa kisasi cha zamani, akamkamata jogoo na kumsukuma chini ya jiwe kwa mguu. Jogoo akapiga kelele, akatoka upande wa pili. Nikalitua bila kulibwaga.

Baba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akasimama wima kama hakimu, akasema kwa Kiswahili:

"Wote mmeona? Harafu msije mkasema mimi ni muongo. Huyu ameshinda. Ulichonyanyua ndicho chako, binti yangu. Umenyanyua jiwe, jiwe ni rako. Chukua na mtoto wake. Beba."

"Na kibanja?" niliuliza.

"Kibanja kina mwanaume. Wewe ulikinyanyua kibanja?"

Kicheko kilichofuata nakisikia hadi leo nikiwa naosha vyombo. Hata baba mdogo wa jogoo alicheka. Mdogo wangu alicheka akiwa anaitazama migomba, kama mtu anayepima nguo aliyokwisha kununuliwa. Nilimchukia baba kwa moyo wangu wote, na nikataka afe pale pale, na mate yamjae kinywani asiweze kuyameza. Nililishika jiwe kwa vidole, nikatoka nalo uani, mtoto wake nimemfunga mgongoni kwa kitenge. Sikutaka waone nalitua. Nilipopita kona, mahali wasipoweza kuniona, nikalibwaga, nikalia, kisha nikajitwisha kichwani kama mtu mwenye akili.

Jiwe likaja kukaa Nyakanazi. Yule mama mnene alipozeeka aliniachia banda, nikawa nasagia karanga juu yake. Maharage nilileta kutoka Kaniha, mchele kwa wachuuzi wa barabarani, na Ntobeye sikuenda tena. Nilifuata msemo usemao dawa ya moto ni moto, ila moto wenyewe ulikuwa haujafika.

Ulifika kwa basi la mchana kutoka Ngara. Mdogo wangu alishuka kwanza, kisha yeye na konda wakamshusha baba kama gunia lililochanika. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kulia. Mdomo umepinda, mguu unaburuta, na mkono ule, mkono ule hasa, umening'inia kama wa mtu mwingine.

"Shikamoo dada," alisema mdogo wangu. Alinivuta pembeni. Kibanja alikuwa amekiuza. Yeye alikuwa anaelekea machimbo ya dhahabu upande wa Geita, na mzee hawezi kwenda machimbo.

"Na mama?" nikauliza.

Alitazama basi. "Wamesawazisha upande wa jikoni. Wanajenga. Mzee hajui, dada. Usimwambie, utamuua."

Basi likapiga honi, akapanda. Nilibaki na baba yangu juani, na nilijua kitu ambacho yeye hakukijua, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa na kitu chake mkononi.

Ulimi wake ulirudi kabla ya mkono, na neno la kwanza lililoeleweka lilikuwa nyumbani. Alitaka kwenda nyumbani. Alitaka kufia kwake na kulala na baba yake kwenye migomba. Hakutaka kingine, hakuomba radhi, hakuuliza habari zangu. Kila asubuhi alilisema, na kila asubuhi niliosha mgongo wake na kumkausha, nikanyamaza.

Mtaalamu wa mazoezi kule hospitali Biharamulo alinieleza kwamba vidole vinaweza kurudi vikifundishwa. Achambue maharage. Abane vibanio vya nguo. Asizoee kutumia mkono wa kushoto. Nilimsikiliza nikiwa karibu kucheka, maana alikuwa ananifundisha mimi habari za gumba. Tulipofika bandani nikamweka baba kitini, nikalisukuma mbele yake lile jiwe dogo, mtoto wa jiwe la mama, nikamwambia kwa Kiswahili, wateja wakisikia: "Siku utakayolinyanyua hili kwa vidole, kikombe cha chai kikapita chini yake, tutaenda nyumbani."

Alilitazama, akanitazama. Alijua vizuri sana anacheza mchezo gani. "Sawa," akasema.

Sikumpa kijiko. Ugali uliwekwa mbele ya mkono wa kulia, na mkono wa kulia ukaenda kuutafuta kama kipofu. Tonge lilianguka mezani, likaanguka mapajani, likaanguka chini kuku wakalila. Alijaribu wa kushoto, nikausogeza kwenye meza kwa vidole vyangu viwili na kuubana pale, si kwa nguvu zote. Madereva walinung'unika. "Mama, mlishe mzee, mbona unamtesa?" Nikawajibu kwamba anajifunza, na kwamba anayemhurumia amchukue, nafasi kwenye lori ipo. Hakuna aliyemchukua. Siku nyingine alilala na njaa, kama mimi nilivyolala kwa maharage yale. Nilimpaka mafuta kwenye kiganja, nikamnyoosha kidole kimoja kimoja, na niliponyoosha kupita kiasi alifumba macho, hakulia. Hilo nampa. Sikumwona akilia.

Naye hakukosa la kusema. Akibana kibanio cha nguo huku jasho linamtoka, aliniambia mama yangu alikuwa na mikono laini, kuishika ilikuwa raha. Aliniambia anaelewa kwa nini mume alikimbia. Nilimwongezea kibanio chenye springi ngumu.

Lakini alikuwa mwanafunzi mzuri, na hili lilinikera. Alikuwa hafanyi ujinga nilioufanya mimi. Alipochoka alipumzika, kisha akaanza tena bila kuambiwa. Kutoka maharage akaenda vizibo vya soda, kutoka vizibo akaenda ukingo wa sahani, kisha nusu tofali. Alianza kumega ugali. Mvua za masika zikaja na kuisha, na kila alipoongeza uzito kidogo, alisema habari za nyumbani: migomba inataka kupunguziwa, paa la jiko litakuwa limeoza, amepachagua mahali pake, kulia kwa babu. Nilimwacha aseme. Nilimpimia nyumbani kule kidogo kidogo, kama chumvi, na kila aliposema kulia kwa babu niliona tingatinga au majembe, sijui walitumia nini, yakipita juu ya mama.

Siku ilipofika, banda lilikuwa limejaa. Wali ulikuwa umeiva, madereva wa Burundi wamekaa benchi la mbele. Baba aliita jina langu, jambo ambalo si kawaida yake. Mtoto wa jiwe alikuwa mezani. Aliweka gumba upande ule, vidole upande huu, akavuta kiwiko karibu na ubavu. Nilijua kabla halijainuka kwamba litainuka. Lilitetemeka, likaja juu. Nilichukua kikombe mwenyewe, nikakipitisha chini yake, kikatoka upande wa pili. Akalitua bila kulibwaga.

"Twende nyumbani," alisema kwa Kihangaza.

Nilifuta mikono kwenye khanga. Nilisimama wima, nikajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika benchi la nyuma:

"Hakuna nyumbani, baba. Mwanao aliuza kabla hajakushusha hapa. Mama wamemsawazisha, na babu naye sijui. Ulichonyanyua ndicho chako. Umenyanyua jiwe."

Madereva waliacha kutafuna. Nilikuwa nimefurahi, furaha kali ya kuwasha, na niliyasubiri machozi yake kama mtu anayesubiri chenji. Hayakuja. Alinitazama usoni, kisha ule mkono wa kulia, mkono niliouunda mimi, ukapita juu ya meza ukanishika nyama laini ya juu ya mkono. Akabana. Akazungusha taratibu. Iliuma kama kanisani.

"Siku zote nilidhani ulimfuata mama yako," alisema kwa Kihangaza, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake. "Kumbe wewe ni wangu."

Akaniachia. Baba akavuta sahani yake, akamega tonge kwa gumba na vidole viwili, akala vizuri kabisa.